Kaka yangu anasema kadi ya kliniki ni kukosa imani

Shikamoo mama mshauri,

Nina mgogoro uliofika hadi kwa mama yetu mzazi, na hapa karibu sioni wa kunisaidia kwa sababu kila ninayemwendea tayari ana upande.

Nina kituo cha kulelea watoto hapa Morogoro, dei kea na chekechea pamoja. Nilianzia sebuleni kwangu, sasa nina vyumba viwili na uwanja, na watoto wapatao thelathini na tano. Wengi ni wa akina mama wa sokoni, wa madereva wa bodaboda na wa walimu. Wadogo kabisa huletwa wakiwa na miezi sita, maana mama mwenye meza ya nyanya hana mwajiri wa kumpa likizo ya uzazi.

Mwezi wa tatu surua iliingia kituoni. Wa kwanza kuonekana alikuwa binti wa kaka yangu, ana miaka minne. Alikuja Jumatatu macho mekundu, kamasi na kikohozi, tukasema ni vumbi. Alhamisi vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashukia usoni. Hapo alikuwa ameshalala mkeka mmoja na wenzake siku zote hizo. Kama wiki mbili baadaye wakaanza wengine. Wakubwa walipona. Lakini alikuwepo mtoto wa kiume wa miezi saba, mama yake anauza mboga sokoni. Huyo surua ilimshukia kifuani, akalazwa na nimonia, akawekewa oksijeni. Yuko hai, namshukuru Mungu. Ila mpaka leo sikio lake moja linatoa usaha, na mama yake akimleta asubuhi ananikabidhi chupa ya uji, nepi na kifurushi cha pamba.

Watoto wa kaka, wote wawili, hawajawahi kuchanjwa. Tumelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri, lakini kaka alihama, sasa ni mzee wa kanisa katika huduma moja ya maombezi. Hospitali hawaikatazi waziwazi. Chanjo ndiyo wamefundishwa kwamba ni kumtangulia Mungu, eti unamtibu mtoto ambaye haumwi. Kaka akiulizwa anajibu kwa Zaburi ya 91, tauni haitaikaribia hema yako. Binti yake alipona ndani ya wiki bila kupelekwa popote, wakatoa ushuhuda kanisani. Nilikuwepo. Nilipiga makofi na wenzangu huku namfikiria yule wa miezi saba ambaye usiku ule alikuwa wodini.

Basi nikaamua kwamba kuanzia Januari sitampokea mtoto yeyote bila kadi ya kliniki inayoonyesha amepata chanjo za umri wake. Nikawatangazia wazazi wote. Kaka akaja nyumbani usiku, hakukaa hata kwenye kiti. Akasema Katiba inampa uhuru wa kuabudu, na mimi dada yake nimeweka sindano mlangoni pa kituo ambacho mabati yake alichangia yeye. Ni kweli alichangia. Na baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, ni yeye aliyeacha chuo akaenda kufanya kibarua ili mimi nimalize shule. Mama anasema mtu na kaka yake hawagombani kwa ajili ya sindano, nimwachie Mungu.

Kuna mambo matatu zaidi. Wifi yangu alinifuata jikoni akaninong'oneza: "Wapeleke wewe. Si ni shangazi yao? Mimi sitasema." Ana mimba ya miezi mitano na ile surua ilimwogopesha. Pili, mzazi mmoja hapa kituoni ni muuguzi, amesema anaweza kuzijaza zile kadi mbili bila mtoto kuchomwa chochote, amani iwepo. Tatu, mama wa yule mtoto hajui surua ilitoka kwa nani, na kila akinipa ile pamba najisikia mnafiki.

Nawanyanyasa watu kwa ajili ya imani yao? Na wifi nimjibu nini?

Mama Chekechea, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na la muuguzi kwa sababu halihitaji kufikiri sana: hapana. Kadi iliyojazwa uongo ni mbaya kuliko kadi tupu. Kadi tupu inamwambia mhudumu wa afya kwamba mtoto huyu hana kinga, mwangalieni. Siku surua ikirudi, watu wa chanjo wa wilaya watakuja kituoni kwako na kuomba kadi, ili wajue nani achanjwe haraka, maana chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu baada ya mtoto kukutana na mgonjwa bado inaweza kumwokoa. Watoto wa kaka yako watarukwa, kwa hisani ya mtu aliyetaka amani iwepo. Na leseni ya huyo mzazi iko mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo halitamuuliza alikuwa na nia njema kiasi gani. Mshukuru, mkatalie, yaishe.

Sasa kaka. Nimesoma barua yako nikimtafuta mtu mbaya ndani yake, sikumwona. Mtu aliyeacha chuo ili mdogo wake asome si mtu asiyejali watoto. Ndiyo maana jambo lako ni gumu. Mzazi mzembe, anayesahau tarehe za kliniki, unamkemea na kesho anakwenda. Huyu wako anafanya anachoamini ni ulinzi.

Katiba kaisoma nusu. Ibara ya 19 ipo, na inalinda uhuru wa kuamini na kuabudu, nami ningeitetea hata kwa imani ambayo siipendi. Ibara ya 30 nayo ipo. Inasema haki hizi zisitumiwe kwa namna inayoingilia haki za wengine, na inaruhusu sheria zinazolinda afya ya jamii. Lakini wewe hukuniandikia ili nikupe wakili. Unataka kujua kama unanyanyasa.

Kuna kisa cha zamani kinachofaa hapa, tena cha mchungaji wa Kilutheri, kwa hiyo kaka yako hawezi kusema nimemletea mpagani. Mwaka 1902 mji wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ulikuwa na ndui, na bodi ya afya ikaamuru wakazi wachanjwe. Mchungaji Henning Jacobson, mzaliwa wa Sweden, akakataa. Hakudai kuwa Biblia inamkataza. Alisema alichanjwa utotoni akaumwa vibaya, na kwamba mwili wake ni wake. Akatozwa faini ya dola 5. Akaikatia rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1905 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema mji ulikuwa na haki ya kuweka sharti lile wakati wa mlipuko. Watu wengi wakitaja kesi hii husahau jambo moja ninaloliona kubwa. Hakuna aliyemshika Jacobson mkono akamchoma. Alibaki na msimamo wake, akaulipia mwenyewe. Na majaji walieleza pia kwamba mtu ambaye chanjo ingemdhuru kwa hali ya mwili wake hapaswi kulazimishwa.

Ukitaka kuona amri ya afya iliyovuka mpaka, usiende mbali, nenda Kapsabet nchini Kenya. Mwaka 2010 wanaume wawili waliokuwa na kifua kikuu na hawakumaliza dawa walipelekwa mahakamani, wakaamriwa kufungwa gerezani hapohapo Kapsabet miezi minane ili watibiwe huko. Gerezani, mwanangu! Mtu mwenye kifua kikuu umweke kwenye selo iliyojaa watu, halafu useme unalinda afya ya umma. Machi 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema kuwafunga vile kulikiuka Katiba. Mimi nashangilia hukumu ile kwa moyo wote. Serikali ina haki ya kumzuia mgonjwa asiambukize wengine, lakini si kwa kumgeuza mhalifu.

Basi ule uamuzi wako wa Januari uko upande gani? Hujamwita mgambo, hujamripoti kaka popote, wala hujamshika mtoto wa mtu. Umesema chumba hiki kina watoto wa miezi sita, na anayeingia humu aje na kinga. Kwa macho yangu huo si unyanyasaji. Ila usijidanganye kwamba sharti lako ni jepesi. Kwa mwalimu ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa mama wa meza ya nyanya, kufungiwa mlango wa dei kea ni kufungiwa biashara. Kwa hiyo kabla ya Januari hakikisha kila mzazi ana njia ya kulitimiza. Kaa na mganga mfawidhi wa zahanati yenu, uombe siku maalumu ya watoto wa kituo chako waliopitwa. Nenda pia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, umwonyeshe ulivyoliandika sharti lako, lisije likaonekana ni ugomvi wa dada na kaka uliovalishwa nguo za kanuni. Na uweke mlango kwa mtoto ambaye daktari ameandika kwamba asichanjwe kwa sasa kwa sababu za kiafya. Mtoto wa aina hiyo ndiye anayewahitaji zaidi wenzake wawe wamechanjwa.

Sasa nikwambie ninapotofautiana na kaka yako. Angekuwa anakataa chanjo yake yeye, mwili wake, ningekwambia mwache. Mwaka 2021 chanjo ya Uviko-19 ilipokuja kwetu ilikuja kwa hiari, na nilifurahi ikawa hivyo. Jirani zetu Kenya mwezi Novemba mwaka huohuo walitangaza kwamba kufikia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali, wakati wananchi walio wengi walikuwa bado hawajachanjwa. Mahakama ikalisimamisha, na sawa. Mtu mzima ana haki ya kukosea juu ya mwili wake. Lakini mtoto wa miaka minne si mwili wa baba yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inapotaja wajibu wa mzazi inataja chakula, malazi, mavazi, na matibabu, na hapo kwenye matibabu imeandika chanjo kwa jina. Chanjo imeandikwa kama haki ya mtoto, na baba hawezi kuisamehe kwa niaba yake. Na yule wa miezi saba, mtoto wa mama muuza mboga, yuko mbali zaidi na mamlaka ya kaka yako. Hakuna andiko wala ibara inayomruhusu kaka kuamua ni hatari kiasi gani mtoto wa mwenzake abebeshwe.

Hapa panahitaji maelezo, maana wazazi wengi hawaelewi kwa nini kitoto kile kiliugua wakati mama yake hajakosa kliniki hata mara moja. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, kisha ya pili miezi 18. Haitolewi mapema kwa utaratibu wa kawaida kwa sababu kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inaweza kuizima chanjo isifanye kazi. Lakini kinga hiyo ya mama nayo huyeyuka kidogo kidogo, na mara nyingi inaisha kabla ya miezi 9 kufika. Katikati hapo mtoto yuko wazi. Ngao yake ni watu wanaomzunguka. Na surua haina mzaha: virusi vyake hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, na mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele. Ile Jumatatu ya "ni vumbi" ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wataalamu husema ili surua isienee, watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi mbili. Kwenye kituo cha watoto thelathini na tano, piga hesabu mwenyewe wawili wa nyumba moja ni sehemu gani.

Twende kwenye imani, maana najua hapo ndipo kaka atakapokusubiri.

Zaburi ya 91 ni nzuri, na mimi huisoma kitandani. Lakini mwombe kaka afungue pia Mathayo sura ya 4. Pale Yesu amesimamishwa juu ya kinara cha hekalu, anaambiwa ajitupe chini, na andiko analotolewa ili ajitupe ni hiyohiyo Zaburi ya 91, aya inayofuatia ile ya tauni: atakuagizia malaika zake. Na Yesu hasemi zaburi ni ya uongo. Anajibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Sikuambii umwite kaka yako shetani, tafadhali usinielewe hivyo, ukifanya hivyo umeharibu kila kitu. Nasema tu kwamba Yesu mwenyewe alikutana na mtu anayetumia zaburi ile kuruka mahali penye ngazi, naye akakataa kuruka. Imani yake haikupungua kwa kushuka kwa miguu.

Na hili la "kumtibu asiyeumwa" limejibiwa katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaagiza watu wanaojenga nyumba mpya waweke ukingo kuzunguka dari, maana nyumba zao zilikuwa za dari bapa na watu walikaa juu. Sababu imetajwa palepale, mtu asije akaanguka, damu ikawa juu ya mwenye nyumba. Hakuna aliyekwisha anguka wakati ukingo unajengwa. Na ukingo si kwa ajili ya mwenye nyumba tu, ni kwa ajili ya mgeni, mtoto wa jirani, yeyote anayepanda. Nimesikiliza mahubiri mengi juu ya imani, na sijui kwa nini aya hii haihubiriwi. Wazazi Waislamu wa watoto pale kituoni watakwambia na kwao yapo: Mtume aliagiza watu wasiingie mji wenye tauni, na waliomo wasitoke.

Najua atakachosema baadaye, kwamba mbona hata serikali iligeuka. Usikimbie hoja hii. Mwaka 2020 tuliambiwa tuombe siku tatu, takwimu za korona zikaacha kutangazwa, Januari 2021 Rais Magufuli akasema hadharani chanjo hazifai. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Julai, Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera Ikulu. Mwananchi wa kawaida aliyesikia yote mawili kutoka ofisi moja ana sababu ya kuuliza maswali, na anayemcheka hana adabu. Mkubalie kaka. Kisha mwambie chanjo ya surua si ile. Yeye mwenyewe huenda aliipata akiwa mtoto. Muulizeni mama, ndiye anayejua, na kama ni mama wa kutunza makaratasi huenda kadi zenu bado ziko sandukuni. Kanisa lililowalea ninyi wawili linaendesha hospitali, Bumbuli, Haydom na nyingine, na Wakatoliki wana Bugando. Wanaopiga magoti pale asubuhi ndio haohao wanaochoma sindano saa mbili.

Na kuhusu ushuhuda. Binti alipona, tumshukuru Mungu bila kusitasita. Wengi hupona. Ndiyo maana surua inadanganya watu wema. Mwaka 2022 Zimbabwe ilipata mlipuko, ukasambaa kwa kasi kupitia mikusanyiko ya makanisa ambayo baadhi yake hayakubali chanjo, na kufikia mwanzoni mwa Septemba karibu watoto 700 walikuwa wamekufa, walio wengi hawakuwa wamechanjwa. Wazazi wale waliomba. Sithubutu kusema waliomba vibaya.

Nikuulize kitu: una hakika ni imani peke yake inayomshika? Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwa mlangoni kwake, akaikwepa kwa sababu, alivyoeleza mwenyewe baadaye, aliona kama sindano inauma. Akapona. Miaka mingi baadaye akajitolea katika kampeni za polio, akawa anawasimulia wazazi waliokataa yaliyompata, na akafia kwenye kazi hiyo mwaka 2013. Watu walimsikiliza kuliko walivyowasikiliza madaktari. Kaka yako naye ana hofu ambayo hajaitaja, au kuna mtu huko kanisani anayemwogopa kumuudhi. Tafuta mzee mwenzake wa imani, si daktari, aliyechanja wanawe na bado anaheshimika. Mkae watatu. Wewe uongee kidogo.

Wifi. Hili nimelizungusha kichwani. Kuwapeleka wewe kwa siri, kama shangazi, sikushauri. Siku kaka akigundua, na atagundua, maana mtoto wa miaka minne hafichi siri ya sindano, utakuwa wewe ndiye uliyeiingilia nyumba yake, na wifi atakana ili apone. Lakini wifi si mpangaji wa kaka yako. Ni mama wa watoto wale, na muuguzi hatamuuliza karatasi ya mumewe. Mwambie: ukitaka kuwapeleka, nenda mwenyewe, mimi nitakusindikiza na nitambeba mdogo. Na umwambie mapema kwamba kaka akikuuliza, hutadanganya. Asiende kwa kukutegemea ufiche. Kama ana woga wa kupigwa au kufukuzwa, hilo sasa ni jambo jingine na kubwa zaidi ya chanjo, uniandikie tena upesi, au umpeleke kwa huyohuyo afisa ustawi. Na kwa kuwa ni mjamzito, yeye mwenyewe asichanjwe ya surua sasa; haitolewi kwa wajawazito. Kliniki yake ya ujauzito asiikose, amweleze mkunga kwamba nyumbani ilipita surua.

Kama wote wawili watakataa hadi Januari, basi watoto hawataingia, na utaumia. Usiwafungulie kwa sababu ya ada ya kidato cha pili. Deni lile ni lako na kaka, lilipe kwa chako: msomeshe mmoja wa watoto wake, mpe mkono akikwama, kampe mama matumizi ya mwezi kwa jina lake. Huwezi kulilipa kwa mapafu ya mtoto wa muuza mboga. Mama yenu akisema umwachie Mungu, mwitikie "sawa mama", umpelekee sukari yake, na sharti libaki pale pale. Wala Jumapili usimkwepe kaka. Na watoto wake waendelee kuja kwako nyumbani jioni kucheza na wako, siku ambazo hakuna mwenye homa.

Kuhusu mama wa yule mtoto, usimtajie jina la binti wa kaka. Hujui kwa hakika kwamba ni yeye aliyeileta. Alikuwa wa kwanza kuonekana, na mwingine angeweza kuwa aliipitisha mapema. Ugonjwa wa mtoto si habari ya kugawa, na sokoni ingefika kabla ya saa nne. Lakini unafiki unaousikia una sababu, kwa hiyo mwambie lililo lako: kwamba mwezi wa tatu ulikuwa unapokea watoto bila kuangalia kadi, kwamba walikuwepo ambao hawakuchanjwa, na kwamba ndiyo maana umebadilisha. Akikasirika mwache akasirike. Kisha hilo sikio. Usaha wa miezi yote hii baada ya surua hauponi kwa pamba. Unaweza kumharibia usikivu na asiseme vizuri. Aende hospitali ya mkoa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, na kama kituo chako kinaweza kubeba nauli na gharama za kumwona daktari, bebeni.

Na mtakapokwenda zahanati, wewe na wifi au wewe na wazazi wengine, ulizeni kwanza ni siku gani wanafungua chanjo ya surua. Inakuja ya unga kwenye kichupa cha dozi 10, ikishachanganywa na maji yake haikai zaidi ya saa sita, inayobaki inamwagwa. Ndiyo maana mama akifika peke yake siku ya kawaida anaambiwa arudi Jumanne, naye akirudi nyumbani anasema hata hospitali hawaitaki. Jikusanyeni watoto wa kutosha mwende pamoja asubuhi, na kila mmoja abebe kadi, hata kama ni tupu.

Mama Mshauri